Njia ya Agbleta: Maisha ya Afi Esinam Adzraku, 1947–2023

Shangazi yangu Afi Esinam Adzraku, ambaye kabla ya kuolewa alikuwa Klutse, alizaliwa Kpando siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1947, na ndiyo maana akaitwa Afi. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Yawo Klutse, msemaji wa chifu, na Mama Adzo, aliyeuza samaki wa kukaushwa. Mimi Dzifa, binti wa kaka yake, ndiye niliyepewa kazi ya kuwasomea haya. Watoto wake wamesema hawatafika mwisho bila kulia, na mimi inasemekana kwamba sina machozi. Tutaona.

Babu yetu alipokaa barazani kwa chifu, Esinam alikaa nyuma ya kigoda chake. Chifu alisema kwa sauti ya chini, kama inavyompasa, na babu akayatoa maneno hadharani: chifu anasema hivi, chifu anasema vile. Mtoto alisikiliza kwa makini kuliko wazee wengine waliokuwa wakisinzia. Jioni moja, wakiwa wanakula ugali wa akple na mchuzi wa bamia, alimuuliza baba yake, "Baba, ukisema chifu anasema yeye amekasirika, na wewe ndani yako huwa umekasirika?"

"Mimi huwa nina njaa tu," babu akajibu. "Kula."

Kwa wakwe zetu kutoka Accra na wageni wengine wasiosema Kiewe, naomba niseme jambo moja, la sivyo hamtamwelewa marehemu. Kodzo akisema kwamba yeye mwenyewe anaondoka, sisi tuna neno dogo la kumtaja huyo anayeondoka, nalo ni *yè*. Kodzo akisema kwamba mtu mwingine anaondoka, tunatumia neno jingine. Kwa hiyo ukisikiliza habari za watu huna haja ya kuuliza nani anaondoka. Neno ni fupi kuliko kikohozi, na watu wengi huishi nalo mpaka wanazikwa bila kulifikiria hata mara moja. Shangazi alilifikiria kwa miaka sitini na saba.

Hesabu hiyo inaanzia darasa la tatu, mwaka 1956, katika shule ya misheni ya pale pale Kpando. Mwalimu Agbeko aliandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba Kofi alisema ni mgonjwa. Shangazi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani mgonjwa?"

"Kofi."

"Kofi mwenyewe, au Kofi anatoa habari za mtu mwingine?"

Mwalimu aligeuka akaitazama sentensi yake kana kwamba ameikuta hapo. "Inategemea," akasema.

"Inategemea nini?"

"Inategemea kama utakaa chini au hutakaa."

Alikaa, lakini hakuisamehe sentensi ile. Alituambia mara nyingi kwamba haikumwingia akilini watu wenye meli na reli waweze kumwacha mgonjwa hivi hivi bila kujulikana ni nani. Wenzake walimpa jina la Nani-Huyo, na wawili kati yao wamo humu leo, safu ya tatu, nao wanacheka sasa hivi.

Baada ya shule ya kati aliingia chuo cha ualimu mwaka 1964 na kuhitimu mwaka 1968. Alifundisha miaka minne. Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa msaidizi katika ofisi ndogo ya utafiti wa lugha mjini Ho, chini ya Dakta Komla Avorkpo. Siku ya kwanza Dakta alimweleza kwamba anafuatilia jinsi lile neno dogo linavyotumika kijiji kwa kijiji. Shangazi alisema alitaka kumkumbatia, akajizuia kwa sababu ya miwani yake.

Utaratibu wa kazi ulikuwa hivi. Msaidizi alipewa orodha ya sentensi arobaini. Alikwenda kijijini, akamtafuta mzungumzaji mzuri, akamsomea sentensi moja moja na kumuuliza, "Hapa kwenu mtu anaweza kusema hivi?" Akikubali, anatia alama ya vema. Akikataa, anatia alama ya kosa. Nyingine zilikuwa za kweli, nyingine zilitungwa makusudi zikiwa mbovu, ili zikataliwe.

Jumanne tarehe 20 Agosti 1974 alikwenda Agbleta, juu milimani. Lori la ofisi lilifika mwisho wa barabara, kwenye kijito, na dereva akabaki hapo. Shangazi akapanda kwa miguu, nusu saa. Alimkuta mama wa miaka arobaini na mitano hivi, anaitwa Akpene Dunyo, akikaanga unga wa muhogo kwenye sufuria pana. Mama Akpene akampa kigoda, akampa maji kwenye kibuyu, akaendelea kukoroga.

"Mama, hapa kwenu mtu anaweza kusema hivi?" Shangazi akasoma ya kwanza.

"Anaweza, mwanangu. Kwa nini asiweze?"

"Na hivi?"

"Hiyo nayo nzuri. Kunywa maji."

"Na hivi?"

"Inapendeza sana."

Kufikia ya ishirini Shangazi aliruka mstari kwa bahati mbaya, akasoma kichwa cha sentensi moja na mkia wa nyingine, kitu kisicho na maana yoyote duniani. Mama Akpene akasema hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Hapo mtu angeshtuka. Shangazi alikuwa na miaka ishirini na saba, ana furaha ya kazi, akatia vema. Mawingu yalikuwa yanashuka, na kule chini dereva, akiogopa kijito kitafurika, akaanza kupiga honi. Akapiga, akapiga tena. Shangazi akasoma zilizobaki upesi upesi, zote zikapata vema, akakunja daftari, akaacha maji nusu kibuyu, akateremka mbio. Hakuomba njia. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mgeni haondoki mpaka asimame aombe njia, na mwenyeji ampe. Yeye, binti wa msemaji wa chifu, aliondoka kama mbuzi aliyekata kamba.

Dereva yule aliitwa Etse Adzraku. Yuko hapa mbele, ana miaka themanini na moja, na amekubali jambo hili lisomwe.

Mwaka 1976 kitabu cha Dakta kilitoka, nakala mia mbili. Ukurasa wa 31 ulisema kwamba watu wa Agbleta hawatofautishi. Kwao neno ni lolote, na msikilizaji abahatishe. Shangazi alishukuriwa kwa jina. Alimpelekea babu nakala, na babu, ambaye hakusoma Kiingereza, aliiweka kwenye sanduku la nguo zake za sherehe.

Mwaka uliofuata, tarehe 16 Aprili 1977, Shangazi aliolewa na dereva wa honi. Wajomba wa Etse walikuja kugonga mlango na chupa zao mbili za kinywaji, na mkubwa wao akatangaza kwamba Etse anasema ameona ua kwenye nyumba hii na anataka kulichuma. Babu akayarudia maneno kwa sauti yake kubwa, kama ada ilivyo. Halafu wakamwita bibi harusi wakamuuliza kama wazipokee chupa.

"Nimesikia Etse anasema," akajibu, "lakini Etse amekaa pale na mdomo wake. Aseme mwenyewe."

Wajomba wakanung'unika kwamba si utaratibu. Etse akasimama, jasho linamtoka, akasema, "Ni mimi. Nakutaka mimi." Shangazi akasema chupa zipokelewe. Waliishi pamoja miaka arobaini na sita na kujaliwa watoto wawili, Senyo na Mawuse. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa mmoja, na ulihusu honi.

Ulianza mwaka 1981. Shangazi alikuwa sokoni Ho akinunua bamia, akamsikia muuza nyanya akiwasimulia wenzake, "Mume wangu amesema kwamba yeye ndiye atapika leo. Chekeni. Mimi nasubiri kuona sufuria." Na lile neno dogo lilikuwa mahali pake, safi kabisa: mume mwenyewe ndiye atapika, si mtu mwingine.

"Dada, wewe ni wa wapi?" Shangazi akauliza.

"Agbleta. Kwani vipi? Na wewe utatuuliza kama tunajua ni nani anakuja?"

Hivyo ndivyo alivyojua. Ukurasa wa 31 ulikuwa umeshuka kutoka maktaba mpaka mtaani. Walimu waliusoma, wakausimulia, na miji ya jirani ikapata neno la kuwatania watu wa milimani: Agbleta mtu akisema anakuja, jiandaeni kumpokea shangazi yake. Watoto waliimba hivyo kwenye mechi za mpira. Yule muuza nyanya alisema kwa kicheko, lakini Shangazi alisema kicheko kile hakikufika machoni. Alirudi nyumbani bila bamia.

Alikwenda kwa Dakta kesho yake. Dakta alimsikiliza, akafungua faili, akamwonyesha kurasa alizojaza kwa mkono wake mwenyewe. "Vema arobaini, Esinam. Na wewe unaniletea muuza nyanya mmoja?" Akamwambia arudi Agbleta na orodha ile ile, akipata makosa watasahihisha. Mwaka 1982 alirudi. Mama Akpene alimpokea kwa furaha, akampa maji, akazikubali sentensi zote arobaini, moja baada ya nyingine. Majirani nao wakazikubali. Shangazi alijua sasa kwamba wanamdanganya kwa upole, na hakujua kwa nini, na hakuna kilichomsumbua maishani kama hicho. Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba asingepiga honi mwaka ule angekaa, angesikia watu wakiongea wenyewe, asingeandika upuuzi. Etse akasema asingepiga honi wangelala kwenye kijito. Walinuniana wiki mbili.

Ofisi ilimpa kazi nyingine, na Dakta akafariki mwaka 1994. Shangazi alifanya kazi yake vizuri, akapanda cheo, akastaafu tarehe 31 Machi 2007. Watu walidhani atapumzika. Februari 2008 alimwambia Etse awashe gari, wanakwenda Agbleta. Safari hii barabara ilifika mpaka kijijini, naye hakuchukua orodha wala kalamu.

Mama Akpene alikuwa amekaribia miaka themanini, bado anakaanga. Alimpa maji. Waliongea habari za watoto, za magoti, za mvua. Shangazi akashika kisu akamenya muhogo. Alasiri akasimama, akanyoosha kitambaa chake, akasema kama alivyofundishwa, "Mama, naomba njia."

Mama Akpene aliacha kukoroga. "Ya leo," akauliza, "au ya mwaka ule?"

"Zote mbili, Mama."

"Haya. Tunakupa nusu. Nusu nyingine tunakuwekea, ili urudi." Kisha akamwonyesha kigoda. "Sasa kaa. Kwa kuwa si mgeni tena, nikwambie. Ile orodha yako ilikuwa takataka. Tisa ndizo nzuri. Hizo nyingine hata mlevi wetu hazisemi, na yeye husema mengi."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikwambieje? Umepanda mlima, miguu imejaa vumbi, umekuja na vimaneno vyako kwenye karatasi, unanitazama kama mtoto aliyenionyesha mchoro. Nikukatalie? Halafu ukaondoka bila kuomba njia. Mgeni aliyekunywa maji yangu na hakuomba njia, mimi namhesabu bado amekaa pale pale. Na aliyekaa kwangu habishiwi."

"Miaka thelathini na minne?"

"Ulikaa sana," Mama Akpene akasema.

Walicheka mpaka Etse akatoka kwenye gari kuja kuona kulikoni. Lakini Mama Akpene alikuwa hajamaliza, na yaliyobaki Shangazi alinisimulia mara moja tu. Mama alimwambia kwamba mjukuu wake Yawa alipelekwa sekondari mjini, wakamcheka kwa lugha yake, na aliporudi likizo akakataa kuongea na bibi yake kwa maneno ya nyumbani. Akawa anamjibu kwa Kiingereza. "Hilo ndilo nililotaka kukugombeza," akasema, "na nililiweka kifuani miaka yote, kwa sababu sikuweza kumgombeza mgeni. Sasa nakugombeza." Akamgombeza, kwa sauti ya chini, mpaka jua likakaribia kutua. Shangazi alilia. Aliahidi kwamba atayaandika upya yale ya ukurasa wa 31, na kwamba Mama Akpene atayashika mkononi yakiwa yamechapishwa.

Kuanzia hapo hakumuuliza mtu tena kama inawezekana kusema hivi au vile. Alikwenda Agbleta mara nne au tano kila mwaka, akamenya muhogo, akasikiliza watu wakisengenyana. Kila alichosikia alikiandika baadaye kwenye kadi: nani alisema, kwa nani, kuhusu nani. Kadi aliziweka kwenye makopo ya biskuti, na ole wako ukifungua kopo ukitegemea biskuti. Kila siku alikuwa na swali jipya. Kwa mfano, mtu akiota amejiona kwa mbali anatembea barabarani, halafu akaamka na kusimulia, anatumia neno lipi? Aliyeota na anayetembea ni mtu mmoja au wawili? Akawa anamngojea Etse afungue macho asubuhi.

"Umeota nini?"

"Sikuota kitu."

"Jana pia ulisema hivyo. Unanificha."

Mzee wa watu akaanza kutunga ndoto ili apewe chai. Shangazi aligundua, akaziandika hata hizo, akatia alama pembeni: za kubuni.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu hospitalini Ho mara mbili kwa wiki, na wauguzi walimzoea kwa sababu alisikiliza walivyopokezana habari za wagonjwa. Mimi ni mwalimu wa hisabati, sijawahi kupenda sarufi, lakini nilimchapia kadi zake, kwa sababu alikuwa shangazi yangu na kwa sababu hakukubali jibu la hapana. Tulibishana sana. Siku moja nilimwambia, "Shangazi, neno lenyewe silabi moja." Akasema, "Na wewe ni mtu mmoja. Tukuache?"

Masahihisho yalikamilika Mei mwaka huu, kurasa nne tu. Tuliyapeleka ofisini kwake kwa zamani. Wakayasifu, wakasema bajeti ya kuchapa labda mwaka ujao. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini yeye hakuwa na mwaka ujao, na alijua hivyo. Nilimkuta amegeukia ukutani, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Aliniuliza Mama Akpene sasa ana miaka mingapi. Nikamwambia tisini na minne.

Alifariki Alhamisi tarehe 2 Novemba 2023, saa nne asubuhi, Etse akiwa amemshika mkono. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa ya jana yake. Alisema, "Nenda Agbleta. Waambie naomba njia."

Nilikwenda. Nilipanda mlima, nikapewa kigoda na maji, nikasimama mbele ya Mama Akpene na watu wake, nikasema kwa lugha yetu kwamba Esinam amesema yeye anaomba njia. Lile neno dogo lilitoka kinywani mwangu lenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani nikalisikia. Mimi ndiye niliyesimama pale na sauti yangu, na hakuna hata mmoja aliyedhani kwamba anayeondoka ni mimi. Walimjua. Shangazi alikuwa mochari Ho, na neno lilikuwa bado linamwonyesha yeye. Nilielewa alichokuwa anakitafuta, nikasikitika kwamba siwezi kumpigia simu kumwambia.

Mama Akpene akasema atakuja kujibu mwenyewe.

Marehemu ameacha mume, Bwana Etse Adzraku, watoto wawili, Senyo na Mawuse, wajukuu watano, ndugu wawili kati ya watano, mimi na binamu zangu, ambao hatuhesabiki, na makopo kumi na saba ya biskuti, ambayo Yawa Dunyo, mjukuu wa Mama Akpene, sasa mwalimu Hohoe, ameomba ayatunze. Ameniomba kwa Kiewe cha Agbleta.

Kitabu cha mwaka 1976 kilitoka nakala mia mbili. Programu hii ya mazishi mliyoishika mkononi imechapishwa nakala mia sita. Fungueni ukurasa wa saba mpaka wa kumi. Si nyimbo. Ni masahihisho, na juu yake limeandikwa jina la Agbleta kwa herufi kubwa. Nakala ya kwanza kutoka kwa mchapaji aliipokea Mama Akpene leo asubuhi. Hasomi, lakini ameishika, na Yawa amemsomea yote, na kuhusu sentensi moja Mama amesema bado ina kasoro. Tutairekebisha.

Gari la marehemu linasubiri nje. Baba Etse amezungumza na dereva, na dereva ameapa kwamba hatagusa honi, hata mawingu yakishuka. Kwa hiyo hakuna haraka. Shangazi, umeomba njia mbele ya watu, na Mama Akpene ameinuka sasa hivi, kama mnavyomwona, ili akujibu. Ameniambia nilitoe jibu lake kwa sauti, kwa kuwa sauti yake imepungua, na mimi ni mjukuu wa msemaji. Anasema nusu ulishachukua siku ile ulipoomba njia. Anakupa na iliyobaki.

Nenda upumzike.